Leso kuukuu, vifuu na ndara: uanze na kipi

Dada wa Malindi, umesema una gunia la leso (kanga) kuukuu za marehemu nyanya yako, vifuu vimejaa uani, na ndara ambazo watoto wanaokota ufuoni. Unauliza uanze na kipi, na kama kuna pesa humo au ni kujichosha tu, na habari za vanishi pia. Mimi niko Amu, yaani Lamu, nashona mifuko na kuchonga vitu vidogo vidogo vya mapambo, basi nitakujibu kwa nijuavyo. Jibu ni refu, bandika chai kabisa.

Anza na vifuu. Najua leso ndizo zinazokuvutia, kwa sababu zina rangi na zina kumbukumbu, lakini leso za nyanya zitakwisha. Siku mwenye duka atakapotaka vipochi kumi vinavyofanana utampa nini? Kifuu hakikwishi. Pwani nzima hakuna nyumba inayolala bila mtu kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, na kifuu chenyewe huishia jaani au jikoni kuwashia makaa. Anayetaka kuuza vitu vya mabaki huangalia kwanza ni mabaki gani yanarudi kila wiki bila kununuliwa, halafu ndiyo anafikiria umbo.

Kifuu chenyewe kichague. Cha dafu kitupe, ni laini na kikikauka hujikunja na kupasuka. Cha nazi iliyokomaa ni kizuri, na cha mbata ni kizuri zaidi, kwa sababu kimekaukia humo humo ndani na nyama imeachana nacho yenyewe. Kwa hereni tafuta nazi kubwa, maana mzunguko wake ni mpana na kipande hakipindi sana. Nusu yenye macho iweke kando, usiikatie hereni. Paruza nyuzi za nje kwa kisu butu na ngozi ya kahawia ya ndani kwa kipande cha chupa, kama mafundi wa upawa wanavyofanya tangu zamani.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu wengi huharibia hapa. Toboa tundu kwanza, halafu ndiyo ukate umbo. Ukikata kwanza, unabaki na kijipande chembamba mkononi, na keekee ikigusa ukingo kinapasuka vipande viwili. Weka sarafu juu ya kifuu, ichore kwa penseli, toboa, kisha kata kwa msumeno mwembamba wa wachonga nakshi, nje kidogo ya mstari. Halafu msasa: namba 80 kutoa umbo, 150, 240, na 400 ukiwa na maji. Hapo ndipo rangi inapojitokeza, ile kahawia iliyokoza yenye michirizi myeusi, na watu watakuuliza ni mti gani. Usiruke namba. Ukitoka 80 ukaingia 400 moja kwa moja, mikwaruzo itabaki pale pale, na ukipaka mafuta ndiyo itaonekana zaidi. Vumbi lake ni baya kwa kifua, kwa hivyo fanyia kazi nje, jifunge kitambaa puani, na ukae upepo ukitokea mgongoni.

Mwisho pakaza mafuta ya nazi kidogo sana yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, ufute mpaka kitambaa kisishike mafuta tena. Mafuta matupu hayakauki, yatampaka mteja shingoni. Na vile vikulabu vya hereni nunua vipya vya chuma kisichoshika kutu. Naona watu wakichuna waya wa shaba kwenye kebo mbovu ili kila kitu kiwe cha mabaki. Shaba ikikutana na jasho la huku kwetu, sikio linakuwa kijani, na huyo mteja umempoteza yeye na dada zake.

Hilo ndilo ninalolishikilia kuliko yote: kitambaa kiwe kikuukuu, lakini uzi, zipu na kulabu viwe vipya. Mfuko hauchaniki katikati ya kitambaa, unaachia mshono au zipu inakwama. Tumia uzi wa polista, kwa sababu wa pamba huoza kwa unyevu wa pwani, na zipu ya plastiki, kwa kuwa ya chuma inashika kutu hata ikiwa kabatini.

Tuje kwenye leso za nyanya. Shika kila moja uitazame dhidi ya jua, kisha ivute mshazari kwa vidole gumba viwili. Ikilalamika, hiyo ni ya viraka na vishikio vya sufuria tu. Iliyo imara ifanye bitana. Leso iliyofuliwa miaka ni laini mno kuwa nje ya mfuko, lakini kwa ndani haina mfano. Mimi hukata pindo kuwa ukanda wa kuzungushia mdomo wa mfuko, mji, yaani sehemu ya katikati, unakuwa bitana, na jina, yale maandishi ya leso, nalihifadhi kipekee kabisa. Nalishona kwenye kijimfuko cha ndani, maandishi yakiangalia juu, ili anayefungua kutafuta funguo akutane na “Wema hauozi”. Wateja wa huku wenyewe ndio hununua kwa ajili ya hilo, wanachagua jina kama wanavyochagua leso dukani, na kuna anayenunua kumfikishia jirani ujumbe, hayo si yangu. Leso mbili tatu za nyanya ziache nzima, usizikate. Hilo hukuuliza, nimesema tu.

Kwa nje unahitaji kitambaa kizito. Huku tunatumia tanga kuukuu la jahazi au mashua, lile la pamba. Zamani nahodha alikupa bure. Siku hizi maduka ya Shela na mjini yanauza mifuko ya matanga kwa wageni, kwa hivyo kila nahodha anajua bei. Ukilipata, upande uliokuwa umefungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, huwa umechoka, pamoja na pembe zote, na sehemu nzuri iko katikati. Liloweke maji matamu usiku kucha, ubadilishe maji, uloweke tena. Chumvi ikibaki ndani, mfuko utakuwa unavuta unyevu kila msimu wa mvua na kutoa madoa. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi, utakuwa unarudisha ulichotoa. Viraka vya nahodha usivifumue, hivyo ndivyo vinavyopendwa. Cherehani ya miguu inatosha, weka sindano namba 16 au 18 na mshono mrefu wa milimita 3 au 4. Mshono mfupi kwenye kitambaa kizito hukitoboa mpaka kikawa kama stempu, halafu kinachanika pale pale. Kama huna tanga, jinzi kuukuu zinatosha.

Ndara, usizidharau. Vitu vya kuchonga kwa ndara zinazotupwa na bahari vilianzia huku kwetu, Kiwayu, mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wakitengeneza vikaragosi vya wanyama. Na mwaka 2018 hapa Lamu ilishushwa majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa na kuvikwa ndara kama 30,000, fundi mkuu akiwa Ali Skanda. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Lakini wewe huundi jahazi, na wanyama wa ndara wameshakuwa wengi sokoni. Tengeneza kielezo cha funguo, yaani kitu cha kuzielesha zikianguka majini. Osha ndara kwa sabuni na brashi, anika, gundisha tabaka mbili au tatu za rangi tofauti kwa gundi ya viatu, acha zishikane mpaka kesho yake, kisha kata kwa wembe wa kukatia karatasi na ulainishe kwa msasa. Tia kamba katikati. Kabla ya kuuza, funga rundo la funguo utumbukize kwenye ndoo. Kikizama, ongeza tabaka. Manahodha, wavuvi wenye mashine, vijana wa boti, wote wamewahi kuangusha funguo baharini, hao huna haja ya kuwashawishi. Malindi boti hamna uhaba nazo.

Kuna mambo mawili usiyaguse. Usiyeyushe plastiki jikoni kwa sababu uliona video. Kipande cha bomba la PVC kikichanganyika humo kinatoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu, na wewe una watoto. La pili, mtu akikuletea gamba la ng'amba au kasa yeyote akasema “hili nalo si taka tu?”, mrudishie. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na kuuza hata kipete cha gamba ni kesi.

Pesa zimo, ila si kwa watalii peke yao. Wageni huja wakati wa kaskazi, na ukifika mwezi wa tano, mvua na kusi vikishika, maduka yanafungwa na wewe una kodi ya kulipa. Kinachonibeba mimi miezi hiyo ni mikoba ya watoto wa chuo cha Kurani, ya kubebea juzuu, na mifuko ya miswala. Kabla ya Idd na Maulidi sipumziki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, tarehe 28 Agosti 2017, mkoba imara wa sokoni nao una mteja, ila usishindane na ile ya bei rahisi inayouzwa kila kona. Wako uwe na bitana na kijimfuko cha pesa ndani, uuze ghali kidogo, na ukichanika uushone bure.

Kuhusu vanishi uliyouliza, kwa vibakuli vya kuwekea chakula usiipake. Mafuta na nta vinatosha, na vikipoteza mng'ao unapaka upya. Kwa hereni ukitaka mng'ao wa kioo, paka tabaka mbili nyembamba za vanishi ya maji, lakini mimi naona inafanya kifuu kionekane plastiki. Tuma picha ya vifuu ulivyo navyo, nikwambie vipi vinafaa hereni na vipi ni vya upawa.