Jibu: Jumuiya ya watayarishaji wa programu za upimaji na nafasi za kazi
Ndugu, umeuliza kama kushirikiana na watayarishaji wenzako wa programu za kupimia vifaa vya kielektroniki kunaweza kukufungulia milango ya ajira, au kama cheti cha LabVIEW (programu ya kuundia mifumo ya kupimia na kudhibiti vifaa) kinatosha. Cheti husaidia maombi yako yasiwekwe kando mapema, basi. Kazi yetu hukutanisha programu na nyaya, mita na saketi halisi, kwa hiyo hitilafu nyingi hazimo katika msimbo wenyewe. Mtu anapolalamika kwamba kipimo chake cha volti kinayumba, na mwenzake akamuuliza kama programu inasubiri rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) itulie kabla ya kusoma, wote wanaofuatilia humtambua anayefikiri kwa utaratibu, na hao ndio watakaomtaja nafasi ikitokea kazini kwao. Nafasi nyingine hata hazitangazwi, hasa za kutunza mifumo ya zamani, kwani LabVIEW ipo tangu 1986. Anza kwa kujibu maswali ya wengine na kuomba msimbo wako ukaguliwe, ila usitoe kamwe michoro ya mwajiri wako wa sasa, hata kwa rafiki.