Maswali na Majibu: Bunduki ya Mmarekani ni ya nani?

Barua za bunduki zimezidi tangu niliposema hapa kwamba historia ya bunduki Marekani imefungamana na utumwa. Nimechambua hizi, nyingine zinajirudia mno.

Je, ni kweli Katiba ya Marekani inampa kila mtu haki ya bunduki?

Jamani, someni kwanza ndipo muulize. Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791 ni sentensi moja. Inaanza kwa kutaja mgambo, kisha haki ya watu kuwa na silaha. Mahakama ya Juu ilikaa hadi 2008, kwenye kesi ya Heller, ndipo ikatamka kuwa ni haki ya mtu binafsi, tena kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, alisema humo humo kwamba haki hiyo ina mipaka. Sehemu hiyo wapenda bunduki huiruka.

Huo mgambo ulikuwa jeshi?

Hapana, ni wakulima na mafundi wenye magobori yao. Sheria ya 1792 ilimwamuru kila raia mwanamume, huru, mweupe, mwenye nguvu zake, kuanzia miaka 18 hadi chini ya 45, ajiandikishe na ajinunulie gobori, baruti na risasi. Anayesema waasisi hawakutaka serikali iingilie bunduki ya mtu, amweleze huyo aliyelazimishwa kuinunua.

Kwa nini kila kitu unakipeleka kwenye utumwa? Bunduki zilikuwa za kumfukuza Mwingereza.

Mwandishi wa barua hii amekasirika, lakini nusu ya maneno yake ni kweli. Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa Uingereza walikuwa njiani kwenda kuteka silaha za mgambo katika mji wa Concord, vita vikaanza. Na haki yenyewe ina ukoo Uingereza: mwaka 1689, baada ya kung'olewa kwa mfalme Mkatoliki James wa Pili, Bunge lao lilitangaza kwamba Waprotestanti waweze kuwa na silaha za kujilinda. Umeona? Waprotestanti. Haki ilizaliwa na orodha ya wenyewe mkononi.

Ng'ambo ya bahari orodha ikawa ya rangi. Virginia mwaka 1680 ilimkataza mtu mweusi kubeba bunduki, upanga, hata rungu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu Taney alipomnyima mweusi uraia, moja ya hofu alizozitaja ni kwamba akiupata atatembea na silaha popote. Utumwa ukafutwa mwaka 1865, na mwaka huo huo Mississippi ikaamua mweusi aliyeachwa huru asimiliki bunduki bila leseni. Ruka hadi 1967: Black Panthers, kundi la weusi waliodai haki zao, wanaingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, na miezi michache baadaye gavana Ronald Reagan anatia saini sheria ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Reagan huyo huyo aliyekuja kuwa rais kipenzi cha wapenda bunduki! Kwa hiyo sikipeleki kitu kwenye utumwa, nakikuta huko.

Basi kudhibiti bunduki ni ubaguzi mtupu?

Sikusema hivyo. Sheria ya 1934 ililenga majambazi wenye rashasha na bunduki zilizokatwa mitutu, ikazitoza kodi ya dola 200, hela nzito siku zile. Ile ya 1968 ilifuata mauaji ya Rais John Kennedy, ya nduguye Robert, na ya Martin Luther King.

Enzi za makauboi kila mtu alibeba bastola?

Hizo ni filamu. Tombstone, Arizona, ilikuwa na amri ya kutobeba silaha mjini, na mapigano maarufu ya Oktoba 1881 yalizuka polisi walipokwenda kuwapokonya watu bunduki.

Nasoma Texas kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki amenialika kwenye shabaha, na tayari ninauziwa bastola.

Usinunue. Sheria ile ya 1968, pamoja na nyongeza zake, inamzuia mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Texas kulegea hakukusaidii, hii ni sheria ya taifa. Hata hiyo shabaha, muone kwanza wakili wa uhamiaji. Nakuona unacheka, lakini safari hii orodha ni yako.