Shangazi, nimejipima kidevu kwa rula

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, fundi simu Buguruni, urefu sentimita 163. Kwenye kundi letu la Telegram tunarushiana picha na kupeana alama. Mimi nilipata mbili kwa kumi. Wanasema mwanamke anataka mrefu au mwenye pesa, basi. Siku hizi mteja wa kike akicheka, naona ananicheka mimi. Jana nimemjibu mmoja ovyo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao waliokupa mbili, wao walipewa ngapi? Nakisia hakuna aliyevuka nne. Jina inseli, yaani mtu asiye na mpenzi bila kupenda kwake, wanalojiita wenzenu wa ng'ambo lilianza na mwanamke, mwanafunzi wa Kanada, aliyefungua tovuti mwaka 1997 ili wapweke, wake kwa waume, wafarijiane. Chuki ililetwa baadaye na wengine. Mwaka 2018 kijana aliyejihesabu miongoni mwao aliparamia watu kwa gari huko Toronto.

Marehemu mume wangu alinifika begani, na nilimwonea wivu mpaka anazikwa.

Toka kwenye kundi leo, usiage. Yule dada akija kuchukua simu yake, mwombe radhi. Usimweleze habari za rula.