Majani ya vinka kwa uvimbe wa titi

Dada wa Newala, umeuliza kama umchemshie mama majani ya vinka kwa uvimbe wa titi: usimchemshie. Ni kweli vinorelbini, dawa ya saratani ya matiti, chanzo chake ni ua hilohilo la barazani, lakini hutengenezwa kiwandani na hupimwa kwa miligramu. Kwa ndugu yake vinblastini, gramu 1 huhitaji kama kilo 500 za majani makavu! Sufuria yako itatoa mchanganyiko wa alkaloidi (kemikali kali za mmea) usiojulikana kipimo: mdogo mno kuua uvimbe, au mkubwa wa kushusha chembe nyeupe za damu na kufisha ganzi vidole. Akiwa tayari anapata dripu ya dawa za saratani, madhara yanajumlishana.

Manjano kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge vya manjano aviache mpaka daktari aridhie.

Mpeleke hospitali ya Ligula, Mtwara, wiki hii. Omba ultrasaundi, kisha kipande cha uvimbe kitolewe kwa sindano nene kikapimwe. Kiwekwe kwenye formalini ya 10% (dawa ya kukihifadhi) ndani ya saa 1, si kwenye maji wala salaini. Kikichelewa, vipokezi vya homoni na HER2 (protini za uvimbe zinazoongoza uchaguzi wa dawa) vinaweza kusomeka vibaya, na dawa ichaguliwe kimakosa.