Wasifu wa baba aliyekuwa mwanahewa, niuandikeje?

SWALI: Shangazi hujambo. Mimi ni kitinda mimba kwetu, tuko Lanet hapa Nakuru na Jumamosi tunampeleka baba nyumbani Bungoma kumzika. Mzee alikuwa Jeshi la Wanahewa tangu 1976 hadi 1997, fundi wa ndege kule Nanyuki, alipostaafu ndio akanunua hii ploti. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na nimekwama kabisa. Kaka mkubwa anataka vyeo na tarehe tu. Halafu kwa sanduku lake la chuma, lile limepakwa sevis namba na rangi nyeupe, kuna karatasi imeandikwa 82 Air Force na kaka anasema tusiitaje watu wasianze kunong'ona. Mama naye anasema niandike alikuwa mtu wa familia, lakini Shangazi, sisi tulikuwa tunamwona akija livu tu. Niandike nini?

JIBU: Pole sana mwanangu, poleni nyote hapo nyumbani.

Nianze na hiyo karatasi manake naona ndio inawanyima usingizi. Hilo jina si doa la baba yako, lilikuwa jina la jeshi lenyewe. Tarehe 1 Agosti 1982, ilikuwa Jumapili, baadhi ya wanahewa walijaribu kupindua serikali ya Moi wakashindwa siku hiyo hiyo, na serikali ikavunja Kenya Air Force yote, ile ilianzishwa 1964, ikaunda nyingine ikaiita 82 Air Force, jina la zamani likarudi 1994. Kwa hivyo hata kijana aliyeandikwa 1990 aliingia chini ya jina hilo. Wengi walikamatwa wakahojiwa, wengine wakafungwa, wengine hawakurudi kazini tena. Baba yako alifanya kazi hadi 1997, maana yake alirudishwa. Andika hivyo kwa mstari mmoja, bila kuficha. Lakini kama hakuwahi kuwaambia aliona nini siku ile, msimtungie. Wakija wazee waliokuwa naye kambini, mpeni mmoja wao nafasi aseme anachojua.

Sasa hiyo ya familia imenigusa, manake marehemu mume wangu pia alikuwa fundi wa ndege, yeye Eastleigh, mimi Kakamega na watoto wanne na shamba. Mwisho wa mwezi napanga laini posta kungoja mani oda. Akija livu siku ya kwanza watoto wanajificha nyuma ya mlango, mdogo ananiuliza huyu mtu anaenda lini. Siku ya tatu unampata ametandaza gazeti uani amefungua redio, stovu, hata taa ya chemni, skrubu zimepangwa vile zilitoka, na yule mdogo amechuchumaa kando ameshika bisibisi. Na kabla ya kuinuka lazima ahesabu vifaa vyake mara mbili, hata kama ni baiskeli ya jirani, kwa sababu spana moja ikisahaulika ndani ya ndege inaweza kuwaua watu huko juu. Hiyo mikono ndio watoto wangu wanakumbuka. Na kwa mazishi yake tulisoma koplo, sajenti, sinia sajenti, tarehe juu ya tarehe, na yule mtoto wa bisibisi akakaa pale kwa kiti hakusikia babake ametajwa. Hiyo inaniuma hadi leo.

Kwa hivyo tafuta yako. Alikuja livu Desemba akafanya nini, aliwaandikia barua akisema nini, viatu vyake alivipiga rangi saa ngapi. Na umwandike mama pia, miaka hiyo yote nyumba ilisimama kwa mgongo wake na mzee alijua.

Vyeo mwachie kaka avisome, ni haki yake kama mkubwa. Leo jioni, kabla watu wa matanga hawajajaa, kaa na mama mfungue lile sanduku, yeye atoe kitu kimoja kimoja akikueleza, wewe shika kalamu.