Maswali ya sauti: usinunue mngurumo ukakosa maneno

Shikamoo fundi. Nina laki tatu na nusu, nataka homu thieta ya kuanzia. Kariakoo nimeoneshwa moja ya wati 12,000 na nyingine ya wati 300, bei karibu sawa. Si nichukue ya 12,000? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Usiichukue kwa ajili ya namba hiyo. Mwombe muuzaji aigeuze, usome kibandiko cha nyuma, palepale penye maandishi ya 220–240V. Kwa seti za namna hiyo mara nyingi utakuta inatumia umeme wa wati 60 au 80. Mashine inayovuta wati 60 ukutani itazitoa wapi wati 12,000 za sauti? Kibandiko hicho si kipimo kamili, lakini uongo mkubwa kinauumbua.

Namba ya kwenye boksi huitwa PMPO, na kila kiwanda kinajipangia namna ya kuipata. Wewe tafuta RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila sauti kukwaruza. Tena ujue kwamba ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie kana kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa sebule ya futi 12 kwa 14, wati 30 za kweli kwa kila spika zinakutosha na kubaki.

Nalisema hili kila mara kwa sababu nimezibadilisha tuita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, nyingi mno zilizoungua. Mtu ananunua namba kubwa, amplifaya ni dhaifu, anaifungulia hadi mwisho, mawimbi yanakatika vichwa, na tuita zinakuwa za kwanza kufa. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza muda uleule.

Kwenye filamu milipuko inatikisa nyumba lakini maneno siyasikii. Nikiongeza sauti watoto wanaamka. Seti ni mpya, 5.1. (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Dada yangu, swali lako ndilo ningependa kila mnunuzi aulize kabla hajatoa pesa. Katika 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno mengi ya filamu hutoka kwenye spika moja tu, ile ya kati. Naingia majumbani naikuta imepachikwa juu ya kabati nyuma ya maua, au imezamishwa kwenye rafu inahutubia miguu ya watu. Iweke chini ya TV katikati, uso wake ufike ukingoni mwa meza, kisha iinue kidogo kwa mbele ielekee masikio ya aliyeketi. Ingia kwenye mpangilio wa seti, ipandishe spika hiyo desibeli 2 au 3, na ishushe sabufa.

Halafu tazama waya unaotoka kwenye TV. Kama ni zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, seti inapokea chaneli mbili tu za sauti, kushoto na kulia, na spika ya kati inafanyiwa makisio, au inanyamaza kabisa. Tumia HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye seti) pande zote mbili, au waya wa mwanga unaoitwa optiko. Kwenye mpangilio wa sauti wa TV chagua Dolby Digital au Bitstream badala ya PCM, kwa maana PCM kwa njia ya optiko hupitisha chaneli mbili tu. King'amuzi nacho kina mpangilio wake, kipitie. Lakini usitegemee taarifa ya habari isikike nyuma yako. Vipindi vingi vinarushwa kwa chaneli mbili tangu huko vinakotoka.

Likibaki tatizo, ni chumba. Piga kofi moja ukiwa katikati ya sebule. Likivuma na kuendelea kidogo, vigae, plasta na vioo vya madirisha vinakurudishia kila neno likiwa limechanganyika na linalofuata. Zulia kati ya kochi na TV, na mapazia mazito, yatakusaidia kuliko seti nyingine mpya.

Na usiku watoto wamelala, tafuta kitufe cha hali ya usiku. Kinapunguza milipuko na kuinua minong'ono. Kimo kwenye seti nyingi na hakiguswi.

Nimeunganisha sabufa na TV kwa bluetooth, midomo inatangulia sauti inafuata. (Msomaji, Arusha)

Tumia waya.

Homu thieta gani ni nzuri? (Wasomaji kadhaa)

Swali hili halijibiki, nami nimeshaomba mara nyingi lisitumwe hivi. Niandikie ukubwa wa chumba, TV yako ina matundu gani, mnatazama nini zaidi, na mfuko wako. Bila hayo manne, jibu lolote nitakalotoa litakuwa la kukupotezea pesa.

Waya za spika za nyuma ni fupi, kwa hiyo zote tano nimezipanga mezani pembeni ya TV. Kuna ubaya? (Kijana, Tabata)

Upo, tena mkubwa. Umenunua spika tano unasikiliza kama mbili. Za nyuma zinakaa pembeni mwa kochi, zikirudi nyuma kidogo ya masikio, na juu ya kichwa cha aliyeketi kwa kiasi cha futi moja au mbili.

Waya mrefu si ghali. Nunua wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa kawaida wa nyumbani. Kabla hujalipa, kwaruza ncha kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, na unauziwa kwa bei ya shaba. Ukiunga, nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi kwa kila spika. Ukigeuza moja, besi inakonda na sauti inakosa mahali pa kusimama, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

Shemeji kaniletea risiva nzuri sana kutoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Plagi nimeshapata ya kubadilishia. (Msomaji, Mwanza)

Usiichomeke! Kibadili plagi hubadilisha umbo la miguu tu, umeme unabaki ule ule. Umeme wetu ni 230V, karibu maradufu ya unaotakiwa, na risiva hiyo, yaani amplifaya inayoendesha spika zote, inaweza kufa kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 110 au 120, yenye uwezo unaozidi kwa mbali matumizi yaliyoandikwa nyuma. Kama imeandikwa wati 400, chukua ya 800 au zaidi. Hivi vidogo vya kuchajia mashine ya kunyolea visikusogelee. Wanaonunua mitumba ya Japani wajue kule ni 100V. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Na wote, mwenye 230V na asiye nayo, umeme ukikatika chomoa. Unaporudi ndipo unapoua vifaa.

Fundi wa mtaani kaniongezea spika mbili kwenye matundu ya zile za mwanzo. Sasa seti inajizima. (Msomaji, Tanga)

Ndivyo inavyojiokoa. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, na zikipungua amplifaya inabeba mzigo zaidi. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya ndogo haiwezi kubeba mzigo huo. Ziondoe leo. Seti ikizoea kujizima, siku moja haitawaka tena.

Nina seti ya boksi kwa miaka minne, nataka kupanda. Nianze na sabufa kubwa? (Baba, Morogoro)

Kila mtu anataka kuanza na sabufa, na ndiyo ningeiweka mwisho. Anza na risiva yenye HDMI ARC, kwa sababu seti nyingi za boksi, zile zinazouzwa kila kitu pamoja, zina soketi zao zenyewe zisizokubali kitu kingine, na hapo ndipo watu hunaswa. Halafu spika tatu za mbele za toleo moja la kiwanda kimoja, kubwa kuliko ulizonazo. Za nyuma za zamani zinaweza kuendelea, ila hakikisha omu zake hazipungui kile risiva inachoruhusu.

Kabla ya kununua sabufa nyingine, ijaribu hiyo uliyo nayo. Iweke juu ya kochi, pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa sakafuni ukizunguka kuta. Pale ambapo kila noti inasikika sawa, bila moja kuvimba na nyingine kupotea, ndipo sabufa ikae. Kona huivimbisha zaidi. Kwenye risiva ziweke spika ndogo ziishie hertzi 80 (hertzi chache ni sauti nzito, nyingi ni nyembamba), kilicho chini ya hapo kiachie sabufa. Kama spika hizo ni ndogo sana panda hadi 120.

Jirani analalamika besi inampita ukutani. Nikipunguza sauti yote filamu haina raha. (Msomaji, Kinondoni)

Jirani ana haki, na besi haizuiwi na pazia wala zulia. Ondoa sabufa kwenye ukuta mnaochangia, iweke juu ya kipande kinene cha godoro gumu ili isiitikise sakafu, na saa tatu usiku ishushe peke yake kwa rimoti. Kisha nenda ukae sebuleni kwake dakika tano filamu ikiendelea kwako, usikilize.