Ukindu Kwanza Ukauke: Mapambo Yangu ya Idi na Yaliyonifika

Juzi dada mmoja wa Malindi aliniletea picha tatu kwenye simu. Mbili za kwanza ni za ukanda wa ukindu, majani ya mkindu, aliousuka mwenyewe na kuutundika juu ya mlango siku ya Idi, mwekundu na kijani, unapendeza kweli. Ya tatu ni ya ukanda uleule, wiki tatu baadaye. Upande mmoja umepauka, wekundu umegeuka kama chai ya maziwa, na kwenye vishada vya chini kuna madoadoa ya kijivu. Ameandika: "Dada, yako mbona hayawi hivi? Niambie siri."

Siku hiyo nilishindwa kumjibu. Madoa yale nayajua. Mwaka 2024 yaliniliza, na mpaka leo sikuwahi kuyaandika hapa.

Mimi nimezaliwa Langoni, Lamu, katika nyumba ambayo Idi ilikuwa haihesabiwi kuwa imefika mpaka daka, ule ukumbi wa mlangoni, lipambwe. Nyanya yangu hakununua pambo hata moja maishani mwake. Kumi la mwisho la Ramadhani ungemkuta kiwandani, ua wa ndani ya nyumba, ametandika jamvi, mafungu ya ukindu ubavuni, anasuka huku anasikiliza nani anapita kichochoroni. Ukili, yaani msuko mwembamba wa ukindu, upana wa vidole viwili, aliupitisha juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Sahani za kale zilishushwa, zikasuguliwa, zikarudi mahali pake. Na mwezi ukiandama tulitunga makoja ya asumini. Maua ya asumini huchumwa alasiri yakiwa bado matumba; ukiyatunga magharibi, usiku yanafunguka yenyewe kwenye uzi na nyumba nzima inajua. Tuliongeza vikuba, vile vishada vidogo vya kunukia, vya rehani na mkadi kwa ajili ya wanawake watakaokuja kutupa mkono wa Idi.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mambo yalikuwa hayohayo, tena zaidi. Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh uko hapa hapa Langoni, na wageni wa Maulidi wanaotoka Mombasa, Unguja na kwingine wakilala kwa watu. Kwetu walilala wengi. Nyanya alikuwa akisema mgeni wa Mtume haingizwi kwenye daka tupu.

Kwa hiyo nilipoanza kusuka mapambo ya kuuza, sikudhani kuna la kunishinda. Nilikuwa nimekulia ndani ya kazi hii. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Mwaka 2024 Idi ya Mfungo Tatu, Idi ya kuchinja, iliangukia katikati ya Juni. Anayeishi Lamu anaijua Juni. Masika yamekwisha kwa jina tu, kusi linavuma, na nguo ukianika asubuhi jioni bado ina ubaridi. Mwenye nyumba moja ya wageni akaniagiza kanda 40, kila moja urefu wa pima moja, na vishada na nyota, shilingi 350 ukanda mmoja. Akanipa 5,000 za kuanzia na siku 12. Nilikubali palepale, sikuhesabu. Nilikuwa nikifikiria ada ya shule tu.

Wasiosuka niwaeleze kidogo, kwa sababu kosa liko hapa. Ukindu unachanwa kuwa chane nyembamba, unakaushwa, unachemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi na chumvi kidogo, unasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha unaanikwa kivulini. Ukitaka kusuka lazima uulowanishe tena kidogo, la sivyo unakatika vidoleni. Yaani unakausha, unalowesha, na ukimaliza kusuka unakausha mara nyingine. Hiyo mara ya mwisho ndiyo niliyoiruka. Siku zilinibana. Nikazikunja kanda zingali na umaji, nikazipanga kwenye ndoo mbili za plastiki na kuzifunika, eti mvua isiziingie.

Nikafungua ndoo kule kwa yule mwenye nyumba ya wageni jioni ya kuamkia Idi, wafanyakazi wake wamesimama na wageni wawili wanatazama. Harufu ilitangulia kutoka. Harufu ya gunia lililosahauliwa jahazini. Nikavuta ukanda wa kwanza: kuvu jeupe limeingia katikati ya msuko kama unga ulionyunyizwa, na nyekundu imechuja ikaingia kwenye nyeupe. Nikavuta wa pili, wa tatu. Nilifika wa nane nikaacha.

Akaniambia, "Hii ndiyo kazi yenu nyinyi wanawake wa majumbani?" Akamtuma kijana dukani akanunue mapambo ya plastiki ya kung'aa, yakatundikwa mimi bado niko pale nakusanya vyangu. Zile 5,000 nilimrudishia kwa mafungu matatu.

Kosa lilikuwa langu, nalikiri mbele yenu wote. Mtu aliagiza pambo akaletewa kuvu. Lakini neno lile lilikuwa si la kanda zangu peke yake. Lilimgusa nyanya yangu kaburini, likawagusa kina mama wote waliosomesha watoto kwa mikeka, vikapu na kofia. Ningeambiwa "kazi yako mbaya" ningelala nikaamka. Lile lingine sijalisahau.

Miezi iliyofuata sina cha kueleza, sikusuka. Aliyenirejesha ni shangazi yangu. Alikuja kututazama, akaona fungu la ukindu pembeni, akachukua chane moja akaikunja karibu na sikio lake. "Haukukauka huu, mwanangu. Sikiza." Akaniwekea sikioni. Chane iliyokauka sawasawa ukiikunja inalia, kisauti chembamba kama karatasi mpya. Ile haikulia. Nilikuwa nimesuka tangu utotoni na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo hilo, au nilionyeshwa nikawa sisikii.

Idi ya Mfungo Mosi iliyopita, ile ya baada ya Ramadhani, nilianza Shaabani. Kaskazi ilikuwa bado inapiga, hewa kavu, nami nilitumia kila siku yake. Nilipomaliza kusuka nilizitundika kanda zote darini kwenye kamba, siku tano, nikizigeuza asubuhi na jioni. Kila ukanda niliukunja sikioni. Kanda 65 zimetoka mkononi mwangu, nyingine zimekwenda Mkomani, nyingine Shela, sita zimepanda basi mpaka Mombasa, na haukurudi hata mmoja. Usiku wa kuandama mwezi nilipita kichochoroni kwetu nikahesabu milango saba yenye kazi yangu. Nilisimama nikalia kidogo, na safari hii kilio kilikuwa kitamu.

Basi, dada wa Malindi, siri yako ni hii: kausha. Kausha kabla ya rangi, kausha baada ya rangi, kausha baada ya kusuka. Huko kupauka ni kwa sababu umetundika mahali jua linapiga moja kwa moja. Pambo la rangi linataka kivuli cha daka. Na ukishalishusha baada ya Idi, liache upeponi siku mbili kabla ya kulihifadhi, kisha uliweke kwenye kikapu au kitambaa kinachopitisha hewa. Usilitie kwenye ndoo yenye kifuniko. Nakuomba, usilitie kwenye ndoo.

Wengine mmeniuliza kuhusu maua ya karatasi ya shashi. Mimi situmii gundi ya unga wa ngano tena, mende na sisimizi wanaila na unyevu wa bahari unailegeza. Nafunga kwa uzi tu. Kuhusu taa za vifuu vya nazi, piga msasa mpaka kifuu kiwe laini, toboa matundu kwa keekee au msumari wa moto, kisha paka mafuta ya nazi kwa kitambaa na uking'arishe. Ndani weka taa ndogo za betri. Mshumaa chini ya paa la makuti haufai, hata kwa dakika moja, na upepo wetu huu mnaujua.

Na muda. Jamani, anzeni mapema. Ukiletewa oda hesabu siku za kusuka, halafu ongeza siku za kukausha, na ikiwa ni wakati wa kusi ziongeze mara mbili. Siku hazitoshi? Kataa. Ningekataa ile oda ya 2024 ningekosa shilingi 14,000 na ningebaki na heshima yangu.

Kuna jambo lingine nataka kuwaambia, hasa nyinyi wadogo zangu mnaofungua nyumba mpya. Naona mnavyokimbilia yale mapambo ya kung'aa ya madukani. Yananing'inia siku tatu, upepo unayachana, na baada ya Idi unayakuta ufukweni yamechanganyika na mwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 2017, tukarudi kwenye vikapu, na hakuna aliyekufa kwa kubeba kikapu. Mbona milango yetu siku tukufu tunaivika plastiki? Mkindu upo. Asumini lipo uani kwa jirani, ukiomba atakuchumia. Vifuu tunavitupa kila siku baada ya kukuna nazi. Kaeni na mama zenu wangali na macho ya kuona msuko. Muulizeni shangazi. Shikeni chane mkononi mwake, wala msingoje mpaka mtu awadhalilishe ndipo mjifunze, kama ilivyokuwa kwangu.

Binti yangu ana miaka tisa. Ukili wake bado unapinda, upande mmoja anakaza na mwingine analegeza, lakini amekwisha kujua kuweka chane sikioni. Mfungo Sita wageni wawili wa Maulidi watalala kwetu, inshallah, na amesema daka atalipamba yeye. Ukindu wake nimeupandisha darini tangu jana. Leo tumeugeuza mara mbili, na bado haulii.